MOSHI WA DIZELI: TUUSOME, TUUZUIE
Somo kwa wenye mashine za kusaga, wasaidizi wa madereva, vijana wanaojifunza ufundi, na wote wanaopanga foleni siku ya mgao



Dizeli imo katika maisha yetu ya kambini kila siku, ingawa wengi wetu hatuna gari. Unga wa mgao unafika kwa lori la dizeli. Mahindi tunayonunua sokoni yanasagwa kwa mashine ya dizeli. Jenereta nyingi kubwa nazo zinatumia dizeli. Kwa hiyo moshi wake nao ni wetu. Unaingia katika mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye foleni, na katika kifua cha kijana anayesimama kando ya mashine ya kusaga tangu asubuhi hadi jioni.

Tunapopita katika vijiji vya kambi kuzungumza na jamii, watu wanatuuliza maswali mawili. La kwanza: je, moshi huu unadhuru kweli? La pili: je, unaweza kupunguzwa, au dizeli ndivyo ilivyo? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la swali la pili ni hili: injini nzima ya dizeli, ikishapata moto, hutoa moshi kidogo ambao hata huuoni vizuri. Moshi mwingi ni dalili ya ugonjwa wa injini. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukijua kuisoma dalili hiyo mapema, tiba yake mara nyingi ni ya bei ndogo.

1. MOSHI HUU UNA NINI NDANI YAKE?

Moshi wa dizeli una vitu vikuu viwili: masizi na gesi.

Masizi ni chembe nyeusi za kaboni ambayo haikuungua. Chembe hizi ni ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa maikromita 70 hivi. Chembe nyingi za masizi ya dizeli hazifiki hata maikromita 1. Kwa sababu hiyo vinyweleo vya pua havizizuii, na kitenge ulichojifunika usoni hakizizuii. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Gesi zilizomo ni pamoja na oksidi za naitrojeni, ambazo huwasha macho na koo na kuamsha pumu, na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Mwezi Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika hasa ni ile ya mapafu.

Hatusemi haya ili watu waliogope lori la chakula. Kupitiwa na moshi mara moja si sawa na kukaa ndani yake miaka mingi. Walio katika hatari zaidi ni wale wanaouvuta kila siku: mwendesha mashine, fundi wa gereji, mlinzi wa jenereta, na familia ambayo nyumba yake imepakana na kinu. Baada ya hao wanafuata watoto wadogo, wazee, wajawazito, na wenye pumu au ugonjwa wa moyo.

2. INJINI YA DIZELI INAPUMUAJE?

Mama yeyote anayepika kwa kuni anaijua sayansi hii. Kuni zikiwa mbichi, jiko linatoa moshi. Kuni zikijazwa mno hata hewa ikakosa pa kupita, jiko linatoa moshi. Jiko likiwa bado baridi, linatoa moshi. Injini ya dizeli haina tofauti.

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, na ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni inaikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo inakuwa na joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama ukungu mwembamba, na ukungu huo unawaka wenyewe kwa lile joto.

Basi ili dizeli iungue yote, mambo manne yanahitajika:

(a) Hewa nyingi. Lita moja ya dizeli inahitaji angalau lita 10,000 hivi za hewa. Hebu fikiri mapipa 50 ya lita 200, yote yamejaa hewa, kwa lita moja tu ya mafuta.
(b) Mafuta safi, yasiyo na maji wala uchafu.
(c) Ukungu mwembamba kutoka kwenye nozeli. Nozeli ikidondosha matone, matone hayaungui yote.
(d) Mkandamizo wa kutosha, ili joto lifike.

Jambo moja likikosekana, moshi unatokea.

3. RANGI TATU ZA MOSHI

Simama kando ya lori au mashine, upande upepo unakotoka, uangalie bomba la moshi wakati injini imepata moto na inafanya kazi.

MOSHI MWEUSI. Maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Sababu ya kawaida kuliko zote hapa kwetu ni filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi. Sababu nyingine: nozeli iliyochakaa, pampu iliyofunguliwa ili ipeleke mafuta mengi zaidi, turbo isiyosukuma hewa vizuri, bomba la hewa lililopasuka baada ya turbo, au mzigo uliozidi. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tumeyaona malori yaliyojazwa kupita kiasi yakipanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu, moshi mweusi nyuma yake hadi barabara haionekani. Ule moshi ulikuwa ni mafuta ambayo mwenye lori ameyalipia kisha ameyatupa hewani.

MOSHI MWEUPE. Asubuhi, injini ikiwa baridi, moshi mweupe kidogo unaokwisha baada ya dakika chache si tatizo. Ukiendelea, uliza: una harufu gani? Ukiwa na harufu kali ya dizeli na unawasha macho, ni mafuta yanayotoka bila kuungua. Huenda nozeli ni mbovu, mkandamizo umepungua, au mafuta yana maji. Ukiwa kama mvuke wa sufuria, tazama maji ya rejeta. Yakipungua kila siku bila kuvuja chini, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia ndani ya injini. Angalia na oili: ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, zima injini, usiiwashe tena mpaka fundi aione.

MOSHI WA BLUU. Injini inaunguza oili yake. Ringi za pistoni zimechakaa, sili za valvu au za turbo zimechoka, au mtu amejaza oili kupita alama. Pima oili kila asubuhi kwa kijiti chake. Injini inayokula oili kila siku inaomba matengenezo makubwa. Anza kuweka akiba mapema.

4. ANZA NA LILILO RAHISI

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Tuchukue mfano. Mashine ya kusaga inatoa moshi mweusi, nguvu imepungua, na mahindi yanachukua muda mrefu kuliko zamani. Majirani wanalalamika. Mwenye mashine anamwita mtu, naye anasema: "Pampu imekufa." Pampu inafunguliwa, fedha za miezi mitatu zinakwenda, mashine inawashwa, na moshi uko palepale. Filta ya hewa haikuguswa na mtu yeyote, nayo imejaa vumbi na unga.

Ukimwita fundi, mwombe mfuate mpango huu, kutoka lisilo na gharama hadi lenye gharama:

Kwanza, filta ya hewa.
Pili, mafuta: yana maji? Filta ya dizeli ilibadilishwa lini?
Tatu, bomba la moshi: limeziba kwa masizi? Limekunjwa?
Nne, mzigo: je, mnaweka mahindi mengi mno kwa mara moja? Mkanda umekazwa kupita kiasi?
Tano, nafasi za valvu.
Sita, nozeli.
Saba, na mwisho kabisa, pampu na ringi.

Fundi mzuri hatakasirika ukimwomba hivyo. Atafurahi kupata mteja anayeelewa.

Onyo: nozeli inapojaribiwa nje ya injini, usiweke kamwe mkono mbele yake. Mafuta yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Aliyepenywa aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano na hakiumi.

5. KUZUIA: KAZI ZA KILA SIKU NA KILA WIKI

Hewa. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara zetu linaziba filta upesi sana. Filta ya karatasi igongwegongwe taratibu, au ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa petroli wala dizeli. Kisha weka tochi ndani yake mahali penye giza. Ukiona mwanga unachomoza kwenye tundu, itupe. Filta yenye tundu ni mbaya kuliko iliyoziba, kwa sababu inaingiza mchanga unaokula silinda. Mashine nyingi za silinda moja zina filta yenye bakuli la oili. Hiyo ifunguliwe, tope lioshwe, oili mpya itiwe hadi alama tu. Ukizidisha, injini inaweza kuifyonza oili hiyo na kukimbia bila kusimama. Usiendeshe injini bila filta hata siku moja.

Mafuta. Dizeli ikifika kwa dumu, imimine kidogo katika chupa nyeupe, uiache usiku kucha. Maji na uchafu vitakaa chini nawe utaviona. Chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na usitumie dumu lililokuwa na maji au mafuta ya kula. Penye kikombe cha kutenga maji, fungua kizibo cha chini kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tangi lijazwe jioni badala ya kuachwa tupu, kwa sababu nafasi tupu inakusanya unyevu wakati wa baridi ya usiku.

Jihadhari na dizeli ya bei ya ajabu. Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ni udanganyifu wa siku nyingi. Hapa Tanzania serikali ilianza kutia mafuta vinasaba mwaka 2010 ili kuwakamata wachakachuaji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu huo ipungue. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Pampu na nozeli vinasagika, na hasara inaonekana baadaye, mwuzaji akiwa ameshaondoka.

Oili. Badilisha kwa wakati uliowekwa na kiwanda. Oili nyeusi na nzito haizibi ringi vizuri. Oili chafu iliyotolewa isimwagwe chini wala mtoni. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko na kukabidhiwa gereji.

Uendeshaji. Usikanyage mafuta kwa nguvu injini ikiwa baridi. Panda mlima kwa gia ndogo badala ya kuilazimisha injini kwa gia kubwa. Lori likisimama kwa muda mrefu, zima. Injini ya lori kubwa inayonguruma bila kazi inaweza kula lita 2 hadi 3 kwa saa. Ila ikiwa ina turbo na imetoka kupanda mlima, iache ingurume taratibu kwa dakika mbili au tatu, turbo ipoe, ndipo uzime.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Filta ni ufa. Injini nzima ni ukuta.

6. MALORI YA KISASA

Vijana wanaotaka kuwa madereva au mafundi lazima wajue kwamba malori mapya si kama yale ya zamani. Ulaya, kanuni kali ya moshi iitwayo Euro VI ilianza kutumika kwa malori mapya mwishoni mwa mwaka 2013. Malori hayo yakichakaa kidogo huuzwa Afrika, na baadhi tunayaona barabarani hapa. Yana vifaa viwili ambavyo havimo katika lori la zamani.

Cha kwanza ni filta ya masizi katika bomba la moshi. Inakamata masizi, kisha inayachoma yenyewe kwa joto la karibu nyuzi 600. Lori linalokwenda masafa mafupi tu na kunguruma bila kazi halipati joto hilo, na filta inaziba. Taa ya onyo ikiwaka, dereva afuate kitabu cha gari: mara nyingi anatakiwa kuendesha mwendo mrefu bila kusimama, au kuegesha mahali pa wazi na kuruhusu filta ijichome. Asiegeshe juu ya majani makavu, maana bomba linakuwa moto wa kuwasha nyasi. Na watu, hasa watoto, wakae mbali.

Cha pili ni tangi dogo la maji ya urea, yanayouzwa kwa jina AdBlue. Maji haya hupulizwa katika moshi na kuzigeuza oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke. Yana urea asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa. Wakulima wenzangu, tunaijua urea kama mbolea. Tafadhali, asitokee mtu wa kuyeyusha mbolea ya urea ndani ya ndoo na kumwuzia dereva. Mbolea ina uchafu unaoharibu kifaa hicho cha bei kubwa. Maji ya bomba nayo hayafai. Na AdBlue ikiwekwa kwa bahati mbaya kwenye tangi la dizeli, usiwashe injini wala kufungua swichi. Tangi limwagwe kwanza.

Malori haya yanataka dizeli yenye salfa kidogo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni tangu tarehe 1 Januari 2015. Dizeli ya magendo haina uhakika huo.

Baadhi ya mafundi wanaikata filta ya masizi na kuweka bomba tupu. Lori linakwenda, lakini masizi yote yaliyokuwa yakikamatwa sasa yanatoka kwa watu. Hiyo siyo tengenezo.

7. TUJIKINGE SISI NA WATOTO WETU

Siku ya mgao: foleni isipangwe nyuma ya malori. Viongozi wa foleni wawaombe madereva kwa heshima wazime injini wakati wa kushusha mizigo. Wengi watakubali, maana ni mafuta yao yanayoungua. Watoto wasikimbilie nyuma ya lori. Licha ya moshi, dereva anaporudi nyuma hawaoni.

Kwenye kinu: bomba la moshi lipite ukutani na kupanda juu ya paa, upande ambao upepo hauupeleki kwa majirani. Lisiwe jembamba kuliko tundu la injini wala lisiwe na kona nyingi, maana moshi ukikwama injini inakabwa na moshi unazidi. Viungo visivuje. Nyumba ya mashine iwe na madirisha pande mbili. Waendeshaji wapokezane, na wenye pumu wasipewe kazi hiyo.

Jenereta: isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, duka, au banda la video, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi. Iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani, na bomba lake lielekee kwingine. Jenereta ndogo za petroli ni hatari kuliko za dizeli, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi nyingi zaidi. Gesi hii huua watu usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea mwili. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, tokeni nje mara moja, mtoeni aliyezidiwa apate hewa safi, mpelekeni zahanati, na mwelezeni mganga kwamba kulikuwa na injini inawaka.

Na majirani wa kinu, tuzungumze kwa upole. Kinu kile kinatusagia sote, na mwenye kinu ana watoto wa kulisha kama sisi. Kabla ya kudai kifungwe, mwonyesheni rangi ya moshi na mwombeni afungue filta mbele yenu. Ikishindikana, fikisheni jambo kwa mwenyekiti wa kijiji chenu ili wote wasikilizwe.

8. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo manne yanayoifanya dizeli iungue yote.
2. Mashine inatoa moshi mweusi na nguvu imepungua. Utaangalia nini kwanza, na kwa nini si pampu?
3. Utatofautishaje moshi mweupe wa mafuta na mvuke wa maji ya rejeta?
4. Kwa nini filta yenye tundu ni mbaya kuliko filta iliyoziba?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anavuta moshi wa dizeli kila siku? Mnaweza kumsaidiaje kuanzia wiki hii?

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiifungie sabuni wala vitumbua. Mpe jirani yako mwenye mashine, na asiyejua kusoma umsomee.